Kinara wa bendi akitoka kivyake: kati ya albamu hizi sita uanze na ipi?

Kuna mshkaji wangu mmoja haamini kabisa mambo ya albamu za solo. Anasema mwimbaji wa bendi ya rock akiacha wenzake akaenda kurekodi peke yake ni kama mtu kaja na mfuniko akaacha sufuria, sauti ipo lakini hamna kinachochemka. Juzi akanitumia meseji, haya nipe moja tu, moja, nikiboeka hii mada tuifunge. Sasa moja kati ya zote hizo ni kazi aisee, nikakaa nikaanza kuzilinganisha mbili mbili, na nilipofika katikati nikashtuka kwamba muda wote nilikuwa natumia kigezo kibovu, nilikuwa najiuliza nampenda mwimbaji yupi, wakati sauti ya mwimbaji unaijua tayari na haibadiliki kihivyo. Kinachobadilika ni viti. Bendi ina kiti cha gitaa, cha besi, cha drams, kinara akitoka anaviacha vyote nyuma, na albamu yake itasimama au itaanguka kutegemea nani kaja kukaa pale.

Basi nimezipanga kwa mtindo huo. Si sita bora za dunia nzima, ni sita ninazozijua vizuri na ambazo zinatofautiana kiasi kwamba lazima mojawapo ikuguse.

Ozzy Osbourne na Freddie Mercury: mmoja katimuliwa, mwingine kajipa likizo

Ozzy alifukuzwa kwenye bendi yake ya Black Sabbath mwaka 1979, kisa pombe na unga, na wenzake hawakukaa kulia, walimchukua Ronnie James Dio wakaachia Heaven and Hell mwaka 1980 na ikawa albamu kali kweli. Hebu jiweke kwenye nafasi yake, umetupwa nje na bendi yako inaendelea vizuri tu bila wewe. Mwaka huohuo 1980 akatoka na Blizzard of Ozz, nyimbo 9, na ukweli ni kwamba kilichomwokoa si sauti yake. Ozzy hakuwahi kuwa mwimbaji wa kutisha kwa upande wa ufundi, sauti yake ni nyembamba, ya puani kidogo, inafuata melodi ya gitaa basi. Kilichomwokoa ni kijana mpiga gitaa anaitwa Randy Rhoads, ametoka bendi ya Quiet Riot, hajafika hata miaka 24, ambaye alikaa kwenye kiti ambacho kule Sabbath alikaa Tony Iommi na hakujaribu hata sekunde moja kupiga kama Iommi. Iommi ni mzito, polepole, kama mtu anasukuma kabati, Randy anakimbia, na katikati ya albamu ya heavy metal anaweka kipande cha gitaa la klasiki kinachoitwa Dee, hakifiki hata dakika moja, kwa ajili ya mama yake. Ukisikia kale kakipande ndo unaelewa huyu dogo alikuwa anatoka dunia nyingine. Kwenye besi yupo Bob Daisley, ambaye pia ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi, drams Lee Kerslake, kibodi Don Airey, na ule mwanzo wa Mr. Crowley, ile kibodi ya kanisa lenye mapopo, ni Airey huyo.

Hapa nisimame kidogo maana kuna mtego. Daisley na Kerslake waligombana na upande wa Ozzy kuhusu malipo mpaka mahakamani, na toleo la mwaka 2002 la albamu hii besi na drams zao zilifutwa zikarekodiwa upya na watu wengine, Robert Trujillo na Mike Bordin. Wanamuziki wakubwa hao, sina ugomvi nao, lakini ni sawa na kuingia nyumba uliyoizoea ukakuta mtu kabadilisha ngazi, mguu unakosa kila hatua. Za asili zilirudishwa kwenye toleo la 2011. Kwa hiyo ukipata sidii ya 2002 mahali, iache, tafuta ya 2011 au ya zamani kabisa. Mimi niliisikiliza hiyo ya 2002 muda mrefu bila kujua na nilikuwa nashangaa watu wanasifia nini.

Randy alikufa kwa ajali ya ndege ndogo Machi 1982 akiwa na miaka 25. Ozzy mwenyewe ametutoka Julai 2025, wiki mbili na ushee tu baada ya shoo yake ya kuaga kule Birmingham.

Sasa Freddie. Mtoto wa Zanzibar huyu, kazaliwa 1946, hakufukuzwa na mtu, bendi yake Queen walikuwa wapo tu, walikuwa wamechokana kidogo na kila mtu alikuwa na mambo yake. Mr. Bad Guy ilitoka Aprili 1985, imerekodiwa Munich, miezi isiyofika mitatu kabla ya ile shoo ya Live Aid ya Julai 13 ambayo iliwarudisha Queen juu kabisa. Kwenye viti vya wenzake Freddie aliweka mashine za biti, sinthesaiza na wanamuziki wa studio, na akapiga disko na pop kwa raha zake bila Brian May, mpiga gitaa wa Queen, kumkunjia uso. Albamu yenyewe kaiweka wakfu kwa paka wake Jerry, na Tom, Oscar na Tiffany, na wapenda paka wote duniani, wengine akawatukana. Sitanii, imeandikwa kwenye kava.

Je inafaa? Sauti ni Freddie yuleyule, yaani hamna mtu anaimba hivyo, ila baada ya nyimbo tano hivi unaanza kutafuta kitu na hujui ni nini. Ni gitaa la Brian na zile sauti za kuitikia za Roger Taylor, mpiga drams wao. Na hapa kuna mtihani mzuri ambao albamu nyingine yoyote kwenye orodha hii haina, baada ya Freddie kufariki wenzake walichukua nyimbo mbili za humu, Made in Heaven na I Was Born to Love You, wakazipiga upya chini ya sauti yake ileile kwa ajili ya albamu ya Queen ya 1995. Weka ya 1985 halafu weka ya 1995. Mwimbaji mmoja, wimbo mmoja, viti tofauti. Mimi nikisikia drams za Roger zinaingia nasema ahaa, ndo hiki. Ingawa wapo watu wanaonibishia kwamba ya 1985 ina uchezaji zaidi, na kwa kuchezeka kweli inachezeka. Living on My Own ilikuja kuwa namba moja Uingereza kwa rimiksi mwaka 1993, mwenyewe hayupo.

Kati ya hawa wawili, kama unataka albamu uisikilize mwanzo mwisho chukua Ozzy bila kufikiria mara mbili, Freddie ni wa kuchomoa nyimbo tatu nne ukaweka kwenye plei listi yako.

Chris Cornell na Thom Yorke

Hii ndo ngumu na hapa ndo nilipoteza usiku mzima.

Soundgarden, bendi ya Cornell, walivunjika Aprili 1997. Cornell kakaa miaka miwili akatoka na Euphoria Morning, Septemba 1999, nyimbo 12. Watu walisubiri makelele, maana yule jamaa alikuwa na koo la kupasua vioo, wakapewa kitu laini chenye huzuni, kuna nyimbo zinaelekea kwenye soul, kuna gitaa la akustiki, kuna piano. Haikuuza sana na wengi walimwona kalegea. Viti vyake walikaa watu wawili, mume na mke, Alain Johannes na Natasha Shneider wa bendi inaitwa Eleven, na sehemu kubwa ya albamu imefanyika kwenye studio ya nyumbani kwao. Hiyo ndo siri yake mimi naona, inasikika kama mtu mwenye msiba aliyekaribishwa kwa marafiki akaambiwa kaa hapa, imba ukitaka, usipotaka pia sawa. Na neno msiba silitumii ovyo, jina alilolitaka Cornell tangu mwanzo ni Euphoria Mourning, yenye maana ya maombolezo, meneja akamshauri atoe herufi moja iwe asubuhi. Mwaka 2015 ilipotolewa upya akairudisha ile herufi. Ukitafuta ukakuta majina mawili usichanganyikiwe, albamu ni moja.

Sikiliza When I'm Down. Piano inaingia ya kibaa, ya usiku wa manane watu wamebaki watatu na mhudumu anapanga viti, afu Cornell anakuja chini chini, hapigi kelele, na ile sauti unayoijua inaweza kupasua dari anaibana, unaisikia inagonga mlango kutoka ndani. Inapotoka, inatoka kwa mistari michache tu kisha anairudisha. Natasha alifariki 2008. Miaka ya baadaye kwenye shoo zake za kukaa na gitaa peke yake, Cornell alikuwa anaweka santuri kwenye pleya, santuri yenye piano ya Natasha peke yake, halafu anasimama anaimba juu yake. Hakutafuta mpiga piano mwingine. Kiti kimebaki wazi na bado mwenye nacho anapiga.

Yorke ni kinyume kabisa. The Eraser ilitoka Julai 2006, nyimbo 9, dakika kama 41, na bendi yake Radiohead hawakuvunjika, walikuwa palepale, mwaka uliofuata wakaachia In Rainbows kwa bei ya jipangie mwenyewe. Yorke hata hakupenda watu waiite ya solo. Viti vya wenzake kavijaza laptopu, vipande vya biti alivyokuwa anavikusanya, na prodyuza ni Nigel Godrich yuleyule wa Radiohead. Hata akordi za piano za wimbo wa kwanza ni za Jonny Greenwood, mwenzake, Yorke alizirekodi akazikatakata akazipanga upya. Yaani kiti cha Jonny kipo, ila Jonny mwenyewe hayupo, kuna kivuli chake kimekatwa kwa mkasi.

Kitu cha kusikiliza humu ni sauti ilivyo kavu. Kwenye Radiohead sauti ya Yorke mara nyingi imeogeshwa mwangwi, inaelea. Hapa wameiacha kavu na iko mbele, kama mtu anakunong'oneza sikioni ndani ya daladala, unasikia mpaka pumzi, na nyuma biti zinatetemeka kama friji mbovu. Wengine inawachosha, wanasema baridi. Mimi nilikuwa mmojawapo miaka ya mwanzo, nikaja kuielewa kwa kutumia hedifoni, kwenye spika za kawaida nusu ya vitu vinapotea. Harrowdown Hill ndo wimbo wa kuanzia, ile besi inakamata, na unahusu kifo cha David Kelly, yule mtaalamu wa silaha wa Uingereza aliyekufa 2003 wakati wa mzozo wa vita vya Iraki, na unasikia hasira ambayo mtu anaizuia isije ikamzidi.

Cha kuchekesha, ilipofika 2009 na akataka kuzipiga hizi nyimbo jukwaani alilazimika kutafuta watu wa kukaa kwenye viti, akawakusanya Flea wa Red Hot Chili Peppers kwenye besi, Godrich, Joey Waronker na Mauro Refosco, na hao wakaja kuwa bendi kamili, Atoms for Peace. Katoroka bendi akaishia na bendi nyingine. Cornell hivyohivyo, baada ya solo akaenda kuunda Audioslave na jamaa wa Rage Against the Machine.

Nichague? Kama una msongo na unataka mtu wa kukaa nao, Cornell. Kama unafanya kazi usiku kwenye kompyuta na unataka kitu kisichokuvuruga lakini kisikuache ulale, Yorke. Kwa ubora mtupu kama albamu, nikilazimishwa, Yorke imeshikana zaidi, hamna wimbo wa kuruka, wakati Cornell ana nyimbo mbili tatu katikati ambazo hata mimi shabiki nazipitia. Ila ninayoirudia ni ya Cornell, kwa hiyo sijui ubora maana yake nini.

Na tafadhali usianzie na Scream ya Cornell ya 2009, ile aliyofanya na Timbaland, prodyuza wa hip hop. Haikuwa dhambi kama watu walivyosema, ila kiti kile hakikumtosha.

Eddie Vedder na Hayley Williams

Vedder wa Pearl Jam hakuwa na nia ya kutoa albamu, rafiki yake Sean Penn alikuwa anaongoza filamu ya Into the Wild, kuhusu yule kijana Christopher McCandless aliyeacha kila kitu akaenda kufia Alaska 1992, akamwomba nyimbo. Ikatoka Septemba 2007, nyimbo 11, dakika 33 tu, nyingine ni vipande vya dakika moja. Viti vyote karibia kakaa yeye mwenyewe, gitaa, besi, drams, bila mapambo. Guaranteed ilishinda Golden Globe. Hard Sun si wimbo wake, ni wa msanii wa Kanada aliyejiita Indio, ila wengi wanadhani ni wa Vedder na siwalaumu.

Kama unaogopa albamu za solo hii ndo mlango rahisi kuliko zote. Fupi, sauti nene ya kiume, gitaa, umemaliza kabla hujachoka. Udhaifu wake ni kwamba inategemea filamu kidogo, kuna sehemu nyimbo zinakatika kama mtu kazima taa kabla hujamaliza kusoma. Ukiipenda ukataka zaidi kuna Ukulele Songs ya 2011, ambayo ni kweli jina lake linavyosema, ukulele mwanzo mwisho, na hapo uvumilivu wako ndo utapimwa.

Hayley wa Paramore ana historia ya pekee. Akiwa binti mdogo lebo ilimtaka kama msanii wa peke yake, akakataa, akasema anataka kuwa kwenye bendi, na miaka yote watu wakawa wanasema Paramore ni yeye na wengine ni mapambo, jambo lililowahi hata kuwagombanisha wenyewe. Kwa hiyo alipotoa Petals for Armor Mei 2020 ilikuwa ni kama anafanya kile alichokikwepa tangu utotoni, na angalia kiti cha prodyuza kakaa nani, Taylor York, mpiga gitaa wa Paramore. Katoka nyumbani na ndugu yake kamshika mkono. Nyimbo 15, ndefu kwa ladha yangu, ilitolewa kwa mafungu matatu ya tano tano na inasikika hivyo, la kwanza zito na la hasira, la mwisho limechangamka. Simmer inaanza na pumzi zake zimegeuzwa kuwa ngoma, hamna gitaa la kukukaribisha wala nini, na hapohapo unajua hii si Paramore.

Kama ulikua na Paramore anza na fungu la kwanza peke yake, nyimbo tano, lala, kesho endelea. Vedder kwa safari, Hayley kwa mtu anayepitia kuachana na mtu, sina cha kuongeza.

Na kwa nini Mick Jagger hayumo?

Maana najua mtaniuliza, kinara wa Rolling Stones huyo. She's the Boss yake, Februari 1985, viti vilijaa mastaa, Jeff Beck, Pete Townshend, Herbie Hancock, Sly na Robbie, kwenye uprodyuza Nile Rodgers na Bill Laswell. Kwenye karatasi hiyo ni timu ya kombe la dunia. Kwenye spika ni watu wazuri wamealikwa kwenye sherehe na hawajuani. Na ilimuudhi mpiga gitaa wao Keith Richards mpaka Rolling Stones wakakaribia kuvunjika, akaja kujibu na yake mwaka 1988, Talk Is Cheap, ambayo, samahani Mick, ni bora zaidi, na Keith wala si mwimbaji.

Haya, uchague

Mpenda gitaa, Ozzy, toleo la 2011. Anayetaka kucheza, Freddie, lakini chomoa. Mwenye dakika 33 tu, Vedder. Mwenye hedifoni nzuri na usiku mrefu, Yorke. Hayley kama moyo umevunjika na una hasira, Cornell kama moyo umevunjika na hasira imeisha.

Mshkaji wangu nilimpa Cornell. Nilijua ni hatari, yeye ni mtu wa drams kubwa, na siku mbili hakujibu kitu nikajua mada imefungwa. Siku ya tatu saa saba usiku simu ikalia, meseji, hajasema nzuri hajasema mbaya, wala kwa Cornell hajagusa. Kauliza tu, we huyo anayepiga piano kwenye ule wa When I'm Down ni nani, na ana vitu vingine?